Kiki inajikanyaga, besi inatoroka: maswali yenu kuhusu muziki wa kompyuta

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa kozi za utayarishaji wa muziki. Zimeandikwa kwa namna tofauti, lakini karibu zote zinaangukia penye milisekunde. Tutaandika ms kwa kifupi.

Shikamooni. Nasoma utayarishaji wa muziki chuoni, muhula wa kwanza. Tumepewa zoezi la kuunda kiki ya singeli kwa sintesaiza tupu (chombo cha kuunda sauti), bila sampo (sauti zilizorekodiwa tayari). Nimeweka wimbi la saini (sine, wimbi laini lisilo na kona) la Hz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, linavuma tu, halipigi. Nikipandisha kasi hadi mapigo 240 kwa dakika kiki zinarundikana.
– Mwanafunzi, Tandale

Marahaba. (Kiki ya ngoma, maana kiki za mitandaoni zina ukurasa wake.) Ngoma ikipigwa, ngozi hukazika zaidi kwa muda mfupi mno, kwa hiyo sauti huanzia juu kisha huporomoka hadi itulie. Sikio hulitambua pigo kwa poromoko hilo. Wimbi lako limekaa Hz 50 mwanzo hadi mwisho, na Hz 50 ndiyo masafa ya umeme wa majumbani kwetu, kwa hiyo usishangae likisikika kama friji.

Anza upya na osileta moja (kizalisha wimbi), wimbi la saini, noti ya G iliyo Hz 49. Chukua envelopu ya pili (envelopu huamua kitu kipande na kushuka vipi kwa muda), ielekeze kwenye pichi, yaani kimo cha sauti, na uipe nusutoni 24, yaani oktava mbili. Hapo sauti itaanzia Hz 196 na kushuka hadi 49. Ataki (muda wa kupanda) 0, dikei (muda wa kushuka) ms 50, sasteni (kiwango kinachoshikiliwa) 0. Envelopu ya ukubwa wa sauti: ataki 0, dikei ms 180, sasteni 0, rilisi (muda wa kuzimika noti ikiachiwa) ms 20. Sasa zungusha dikei ya pichi peke yake na usikilize. Ikivuka ms 100 unapata “piuu” ya bunduki za katuni. Ikishuka chini ya ms 15 inabaki “tk” kavu, kama mtu anagonga meza.

Kuna mambo mawili ambayo wanafunzi huyaruka. La kwanza, iamuru osileta ianze wimbi mahali palepale kila noti inapopigwa. Sintesaiza nyingi huacha wimbi lizunguke huru, hivyo kiki moja inaanzia kileleni na kutoa mlio wa kukatika, inayofuata inaanzia sifuri na kusikika laini, nawe unadhani kompyuta imechoka. La pili, chagua sauti moja kwa wakati, siyo nyingi, ili kiki mpya iukate mkia wa ile iliyotangulia.

Kurundikana ni hesabu. Gawanya 60,000 kwa kasi ya wimbo, utapata urefu wa pigo moja kwa ms. Kwenye 240 pigo ni ms 250, nusu yake 125, robo yake 62.5. Kiki yenye mkia wa ms 300 ikipigwa kila pigo, ya pili inaingia ya kwanza ingali inavuma, na zinakanyagana. Tena mzunguko mmoja wa Hz 49 unachukua kama ms 20, kwa hiyo ndani ya nusu pigo una mizunguko sita tu ya kulijenga tumbo la kiki. Ndiyo sababu kwenye singeli kiki hulipa ikiwa fupi na ikipandishwa kidogo: jaribu C ya Hz 65, dikei ms 110. Ukifika kasi ya 300, robo ya pigo ni ms 50, yaani mara 20 kwa sekunde, na hapo sikio linaanza kushindwa kuhesabu mapigo. Igawe robo hiyo mara mbili tena, mara 40 kwa sekunde, snea yako (ngoma ndogo ya mlio mkali) itageuka noti nene inayonguruma. Usiliogope hilo, litumie kwa makusudi.

Mwisho, spika ya simu haiwezi kutoa Hz 65. Pitisha kiki kwenye distosheni (kivuruga wimbi) kidogo baada ya sintesaiza. Wimbi litazaa masafa ya juu yake, 130, 195, 260 na kuendelea, na ubongo ukiyasikia hayo huijazia wenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Ukikaza distosheni hadi kiki ipoteze poromoko lake, umezidisha.

Nikirekodi mashairi nasikia sauti yangu inachelewa kwenye hedfoni, najikuta naimba nyuma ya biti. Kompyuta ni ya Windows, na kadi ya sauti ya nje ninayo.
– Msomaji, Nakuru

Tatizo ni bafa. Kompyuta hukusanya sauti kidogo kidogo kabla ya kuichakata, na ukirekodi kwa Hz 44,100, yaani vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde, bafa ya vipimo 1024 ni ms 23 kwenda, kisha nyingine kurudi. Ishushe hadi 128, karibu ms 3 kila upande. Ikianza kutoa mikwaruzo panda 256. Ukimaliza kurekodi irudishe 1024, maana wakati wa kumiksi hakuna anayekusubiri. Hakikisha programu inatumia draiva ya ASIO iliyokuja na kadi yako, siyo ile ya kawaida ya Windows. Vua pia limita (vidhibiti vya vilele vya sauti) zote zilizo kwenye masta, treki kuu ya mwisho, unaporekodi. Nyingi huchungulia sauti inayokuja kabla ya kuamua, na kuchungulia huko ni ucheleweshaji. Kama hedfoni zako ni za bluetooth, hakuna bafa itakayokuokoa: zenyewe mara nyingi hula zaidi ya ms 100. Tafuta za waya, hata za bei ndogo.

Mhariri, nilitaka besi ipanuke. Nikanakili treki, moja kushoto moja kulia, ya kulia nikaichelewesha ms 10. Hedfonini ni tamu ajabu. Kwenye spika za ukumbini imetoweka, noti nyingine zipo, nyingine hazipo.
– Prodyuza chipukizi, Mombasa

Ukumbi huo umeunganishwa mono, kama zilivyo spika nyingi za sherehe, ili aliyekaa kushoto na aliyekaa kulia wasikie kitu kimoja. Spika ya bluetooth ya mezani nayo mara nyingi ni mono. Kushoto na kulia zikijumlishwa, treki zako mbili zinapambana.

Mzunguko mmoja wa Hz 50 ni ms 20. Ukiuchelewesha ms 10 umeuchelewesha nusu mzunguko kamili: nakala moja inapopanda, nyingine inashuka, na jumla yake ni sifuri. Kinachotokea Hz 50 kinatokea pia 150, 250, 350. Wakati huohuo Hz 100 na 200 zinajumlika na kuwa kubwa maradufu. Ndiyo maana noti moja ipo na jirani yake haipo. Mpigaji wala kompresa hawana kosa, na ukijaribu kutibu kwa ikwalaiza utahangaika usiku kucha, maana huwezi kuongeza kitu ambacho ni sifuri.

Dawa ni kuigawa besi. Treki ya kwanza iweke katikati, ikate kila kilicho juu ya Hz 120, usiichezee upana kabisa. Treki ya pili ikate kila kilicho chini ya 150, na hiyo ndiyo uipanue, kwa korasi (efekti, siyo kiitikio) au kwa osileta mbili zilizopishana senti 8 hadi 12 (senti 100 ni nusutoni moja). Acha kabisa ucheleweshaji wa ms chache upande mmoja. Kisha weka kitufe cha mono kwenye masta na ukibonyeze kila baada ya dakika kumi. Miksi ikipungua upana ukibonyeza, ni kawaida. Ikipungua vyombo, rudi nyuma.

Assalaam alaykum. Sisi tunatengeneza taarab kwa kinanda cha kompyuta. Tukipiga Rast (makamu, yaani mizani ya muziki wa Kiarabu), noti ya tatu inalia kizungu. Mpiga fidla wetu anasema kinanda “kimekaa juu”. Tufanyeje?
– Msomaji, Unguja

Waalaykum salaam. Mpiga fidla yuko sahihi, na ana namba za kumtetea. Kinanda kinagawa oktava vipande 12 vya senti 100 kila kimoja, kwa hiyo E iko senti 400 juu ya C. Rast ya C inataka E iliyo karibu na 350 na B iliyo karibu na 1050. Funguo hizo mbili zinatakiwa zishuke kama senti 50. Nyingine zote za makamu zinabaki.

Njia safi ni sintesaiza inayosoma faili za mizani zenye mwisho wa .scl. Surge XT inazisoma na ni ya bure. Faili yenyewe unaiandika kwa programu yoyote ya maandishi matupu. Mstari wa kwanza ni jina, wa pili ni 12, kisha kila noti mstari wake: 100.0, 200.0, 300.0, 350.0, 500.0, 600.0, 700.0, 800.0, 900.0, 1000.0, 1050.0, na wa mwisho 2/1. Hifadhi, kisha iburute hadi kwenye dirisha la Surge XT. Nukta hizo si urembo. Namba yenye nukta husomwa kama senti. Isiyo na nukta husomwa kama uwiano, hivyo ukiandika 350 tupu umeiambia sintesaiza ipige sauti mara 350 ya C, na utasikia filimbi au kimya. Mkihamia Rast ya G, E inarudi 400.0, B inabaki 1050.0 na F kali inakuwa 550.0.

Kama ala mnayoipenda haisomi faili hizo, fungueni nakala mbili zake, moja ishusheni senti 50 kwenye kitufe cha pichi ndogo, na noti za E na B zipelekeni huko tu. Kazi ya mkono, lakini inatoka.

Usiing'ang'anie 350. Mpiga udi huitafuta ya tatu kwa sikio, na haikai mahali pamoja kila siku. Mketini na mpiga fidla, mjaribu kati ya 340 na 360 hadi atabasamu. Na kama kuna kodiani halisi kwenye kundi, isigonge noti hiyo: E yake ya Hz 329.6 ikikutana na yenu ya Hz 320.2, mtasikia mtikisiko wa karibu mara tisa kwa sekunde, na hadhira itadhani ni spika.

Nataka kulipia kozi ya muziki wa kompyuta. Niulize nini kabla ya kutoa ada?
– Msomaji, Dodoma

Uliza wanafunzi wangapi kwa kompyuta moja, na kama chumba kinafunguliwa nje ya saa za kipindi. Sikio halikomai kwa saa mbili kwa wiki. Omba kuona zoezi moja la muhula wa kwanza. Likiwa “tengeneza wimbo kwa lupu hizi”, utajifunza kupanga matofali ya watu. Likiwa kama lile la msomaji wetu wa Tandale, hapo kuna mwalimu. Piga makofi katikati ya studio yao: ukisikia “trrr” kutoka kutani, mtakuwa mnamiksi chumba, siyo wimbo. Jina la programu wanayofundisha ndilo jambo la mwisho kuuliza, ingawa matangazo huliweka la kwanza.

Nimefanya kazi ya darasa kwenye FL Studio (programu ya kutengeneza muziki) ya majaribio, nikahifadhi, sasa haifunguki. Kazi imepotea?
– Mwanafunzi, Arusha

Haijapotea. Toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi lakini halikuruhusu kufungua tena ulichohifadhi. Ukinunua leseni faili hiyo itafunguka ilivyo. Kama muda wa kuwasilisha unakubana, tumia kompyuta ya chuo yenye leseni, mradi toleo lake lisiwe la zamani kuliko lako. Safari nyingine, kabla ya kufunga, toa kila chaneli kama faili yake ya WAV ya biti 24, zote zianzie sekunde ya sifuri. Zikianzia mahali tofauti hutaweza kuzipanga tena. Andika kasi ya wimbo kwenye jina la faili. Treki moja ya mono ya dakika moja inachukua karibu MB 8, ya stirio MB 16, kwa hiyo wimbo wa treki 20 za mono wa dakika tatu unaingia kwenye fleshi ya GB 1 bila shida.