Wasichana hawabebwi, nimesahihisha madaftari yao miaka 14

Mleta mada umeuliza kama wasichana wanawapita wavulana darasani kwa sababu walimu wanawabeba. Mimi nimefundisha hesabu miaka 14 kwenye madarasa ya mchanganyiko, ngoja nikujibu kwa niliyoyaona maana naona wengi wanachangia kishabiki.

Kwanza inategemea unapima nini. Kwenye PISA ya 2022, ule mtihani wanaopewa watoto wa miaka 15 nchi nyingi, kwa wastani wa nchi za OECD (umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri) wasichana waliwazidi wavulana pointi 24 kwenye kusoma, na wavulana wakawazidi wasichana pointi 9 kwenye hesabu. Pointi 9 ni kiduchu lakini watu wameshaijengea ghorofa. Ukija kwenye maksi za darasani, zile anazotoa mwalimu mwenyewe, wasichana wako juu, hata hesabu japo kwa kidogo, na si jambo la juzi, watafiti Daniel na Susan Voyer walikusanya takwimu za kuanzia 1914 hadi 2011 wakakuta ni hivyo hivyo.

Sasa njoo mezani kwangu siku ya kusahihisha. Daftari la kijana: jibu sahihi, njia hakuna, pembeni kachora gari. Nampa 1 kati ya 4. Daftari la binti: njia yote ipo, mistari kapiga kwa rula, anaondoka na 4 zake. Hapo nani kabebwa? Maksi za darasani zinamlipa anayefanya zoezi kila siku, basi.

Ila kuna kitu kingine kinaniuma. Siku moja tuko kwenye jaribio, nazunguka, namuona binti mmoja kaandika jibu na liko sahihi kabisa. Narudi mzunguko wa pili nakuta kalifuta, kakwangua na raba mpaka karatasi imetoboka, kaandika lingine la ovyo. Nikamuuliza baadaye, akanijibu "lilikuja haraka mno mwalimu, nikajua nimekosea". Aisee! Na nyuma yake kuna kijana kaandika jibu bovu kwa peni, nimeshamsahihisha bado anabishana na mimi.

Na sisi walimu tumo. Nilikuja kujishtukia naandika ripoti za mwisho wa muhula, kijana mwenye 80 namwandikia "ana akili sana, apunguze utundu", binti mwenye 80 hiyo hiyo namwandikia "anajituma". Yaani mmoja kichwa, mwingine punda wa kazi, maksi zile zile! Kuna utafiti wa Marekani wa 2017, Bian, Leslie na Cimpian, watoto wa miaka 5 kila mtu anaona jinsia yake ndiyo yenye vipaji vya akili, wakifika 6 na 7 wasichana wanaanza kuwaachia wavulana hiyo sifa, na hapo bado wanasema wanaopata maksi nzuri ni wasichana. Wameyasikia wapi kama si kwetu wakubwa?

Siku hizi kwenye majaribio yangu raba marufuku, ukibadili mawazo piga mstari mmoja nione ulichoandika mwanzo. Na daftari lisilo na njia silisahihishi, namrudishia mwenyewe lilivyo hata kama majibu yote ni sahihi. Kwa sasa wamenuna wote, wa kike kwa wa kiume.