Jibu: Siku moja Granada, Hispania, kwa miguu, nianze Alhambra (ngome ya kale yenye kasri, juu ya kilima) au Albaicín (mtaa wa kale ng'ambo ya mto)?

Ndugu, saa iliyo kwenye tiketi ya Alhambra ndiyo itakayokuamulia. Ni saa ya kuingia Kasri za Wanasri, majumba ya wafalme Waislamu wa zamani ndani ya Alhambra; ikikupita, huingii. Beba pasipoti, tiketi ina jina lako.

Toka Plaza Nueva, panda Cuesta de Gomérez. Ukianzia Generalife, bustani na jumba la mapumziko la wafalme hao, tenga dakika 20 za kutembea hadi kasri. Wengi huchelewa hapo wakidhani kuvuka geti ndiyo kufika.

Shuka kwa Cuesta de los Chinos hadi mto Darro. Usiipite Bañuelo, hamamu (bafu la umma) ya karne ya 11: inua macho uone matundu ya nyota darini yanavyoteremsha mwanga. Albaicín iache jioni, kwa viatu vya soli ya mpira, maana kokoto zake zinateleza hata zikiwa kavu.