Maswali ya Wasomaji: Skripti Inasema Asante, Lakini Faili Halipo

Swali: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, na PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, nimejifunza mwenyewe jioni baada ya kazi. Nimetengeneza fomu ya wazazi kuandikisha watoto kwa masomo ya likizo: jina la mzazi, jina la mtoto na namba ya simu vinaandikwa katika faili liitwalo majina.txt, ndani ya folda ya data. Kwenye kompyuta yangu yenye Windows na XAMPP kila kitu kilikwenda sawasawa. Nilipohamia kwenye seva ya Ubuntu (aina ya Linux) tuliyokodi, mzazi akituma fomu anaona maneno "Asante, umesajiliwa", lakini faili halionekani popote. Rafiki yangu mmoja ameniambia niipe folda ruhusa ya 777 na mambo yatakwisha. Mwingine amenikataza katakata bila kunieleza sababu. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Msikilize wa pili, ingawa alipaswa kukupa sababu. Hata hivyo, kabla hatujafika kwenye ruhusa, kuna kosa kubwa zaidi katika mistari miwili uliyoniambatishia:

file_put_contents("data/majina.txt", $mstari, FILE_APPEND);
echo "Asante, umesajiliwa";

Mstari wa pili haumuulizi wa kwanza kama kazi imefanyika. Ni sawa na karani anayegonga muhuri wa "imepokelewa" huku barua imeanguka nje ya dirisha. Amri ya file_put_contents hurudisha idadi ya baiti ilizoandika, na ikishindwa hurudisha false; kwa hiyo ihifadhi jibu hilo kwenye kigeu, tuseme $jibu, kisha uandike if ($jibu === false) na umweleze mzazi ukweli kwamba usajili haujakamilika. Alama za usawa ziwe tatu, si mbili, kwa sababu baiti 0 na false huonekana kitu kimoja mbele ya alama mbili, ilhali kuandika maandishi matupu si kosa.

Baada ya hapo, isikilize seva. Kwenye XAMPP ulizoea kuona makosa yakitokea palepale kwenye kivinjari. Kwenye seva inayotumiwa na umma makosa huzimwa yasionekane kwa wageni, nayo huandikwa kwenye logi. Kwa Apache ya Ubuntu, yaani programu inayowapelekea wageni kurasa za tovuti, logi hiyo ni /var/log/apache2/error.log. Fungua terminali, andika sudo tail -f /var/log/apache2/error.log, kisha utume fomu ukiwa unaitazama. Utakuta mstari wenye maneno "Failed to open stream", na baada yake sababu. Maneno yanayofuata ndiyo yanayoamua tiba. "Permission denied" maana yake mlango upo lakini aliyebisha hodi hana ruhusa ya kuingia. "No such file or directory" maana yake hata mlango wenyewe haupo pale unapodhani upo. Watu wengi hawasomi mstari huu, wanakimbilia kubadilisha ruhusa. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikibadilisha ruhusa za folda, kumbe nilikuwa nimeiita Data kwa herufi kubwa wakati skripti iliandika data kwa herufi ndogo. Windows haijali tofauti hiyo, Linux inaijali sana, na logi ilikuwa imenieleza tangu dakika ya kwanza.

Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani wewe utakuta "Permission denied". Andika ls -ld /var/www/html/data na utaona kitu kama hiki:

drwxr-xr-x 2 mwalimu mwalimu 4096 /var/www/html/data

Usome taratibu. Herufi d inasema hii ni folda. Herufi tatu zinazofuata, rwx, ni haki za mwenye folda, yaani akaunti ya mwalimu uliyoitumia kupakia mafaili: anasoma, anaandika, anaingia. Tatu za katikati, r-x, ni za kikundi chake, na tatu za mwisho, r-x, ni za watu wengine wote. Sasa jiulize skripti yako inaendeshwa na nani. Si wewe. Kwenye Ubuntu na Debian, Apache na PHP huendeshwa na mtumiaji aitwaye www-data, naye katika mstari huo hana jina lake, kwa hiyo anahesabiwa miongoni mwa wengine wote: anaweza kuingia na kusoma, ila hawezi kuunda faili jipya. Kwenye XAMPP hukuliona tatizo hili kwa kuwa Apache uliiwasha wewe mwenyewe, nayo ikafanya kazi kwa jina lako na kwa haki zako.

Rafiki yako wa kwanza, kwa 777 yake, anataka uwape wote kila kitu. Ni kweli fomu itafanya kazi, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa maana hutarudi tena kuangalia. Programu yoyote nyingine kwenye seva hiyo, na akaunti yoyote iliyodukuliwa, itaweza kubadilisha au kufuta orodha yako. Na kwa kuwa folda ya data ipo ndani ya html, atakayeweza kupenyeza humo faili lenye mwisho wa .php atakuwa amepata njia ya kuendesha amri zake kwenye seva yenu kupitia kivinjari tu.

Kwa hiyo kwanza itoe folda mahali hapo pa hadharani. Hilo ni muhimu hata kama ruhusa zingekuwa sahihi, kwa sababu leo hii mtu yeyote akiandika anwani ya tovuti yenu na kuongeza /data/majina.txt atasoma namba za simu za wazazi wote, na Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo haimwachi nje mwenye shule. Tumia amri hizi tatu:

sudo mv /var/www/html/data /var/www/data
sudo chgrp www-data /var/www/data
sudo chmod 770 /var/www/data

Wewe unabaki mwenye folda, www-data anakuwa kikundi chenye haki ya kuandika, na wengine hawapati hata kuchungulia. Ikiwa ndani yake kuna majina.txt ya zamani uliyoipakia mwenyewe, lipe faili hilo nalo kikundi cha www-data na ruhusa ya 660 (mwenye faili na kikundi wanasoma na kuandika, wengine hawana kitu), maana haki ya kuunda au kufuta faili hutokana na folda, lakini haki ya kubadilisha yaliyomo hutokana na faili lenyewe. Wengi hurekebisha moja wakasahau ya pili. Usishawishike kuihamishia folda hiyo nyumbani kwako, /home/mwalimu, kwa kuwa tangu toleo la 21.04 Ubuntu huunda folda za nyumbani zikiwa na ruhusa ya 750, na www-data hatavuka kizingiti.

Kisha usijaribu kwa kutuma fomu, jaribu kwa kuvaa kofia ya mhusika: sudo -u www-data touch /var/www/data/jaribio.txt. Amri ikinyamaza, ruhusa zimekaa sawa, na ukisikia malalamiko tena yanatoka kwenye skripti. Humo badilisha njia iwe __DIR__ . "/../data/majina.txt" (__DIR__ ni folda ilimo skripti yenyewe), na kwenye FILE_APPEND ongeza | LOCK_EX, yaani kufuli la kuandika mmoja mmoja, kwa sababu ambayo msomaji anayefuata ataigundua kwa uchungu.

Nikumbushe pia, kwa wale wenye seva za ukoo wa Red Hat, kwamba huko mtumiaji huitwa apache, na juu ya ruhusa hizi za kawaida kuna mlinzi mwingine aitwaye SELinux. Ukiona ruhusa zote ni sahihi na bado logi inasema "Permission denied", angalia lebo ya folda kwa ls -Z. Folda ambayo tovuti inaruhusiwa kuiandikia huwa na lebo ya httpd_sys_rw_content_t. Weka lebo hiyo, usimzime mlinzi.

Swali: Fundi, nina ukurasa wa kupakua ratiba za mechi za mtaani kwetu Mombasa, na nimeweka kaunta inayohesabu waliopakua. Namba ipo kwenye faili moja: skripti inaisoma, inaongeza moja, inaiandika tena kwa fopen yenye "w". Siku za kawaida iko sawa, ila Ijumaa jioni watu wanapojaa, hesabu hurudi sifuri. Nani anaifuta?

Jibu: Unaifuta wewe, kwa herufi moja. Ukifungua faili kwa "w", PHP hulimwaga lote papo hapo, kabla hujaandika hata tarakimu moja. Katika sehemu hiyo ndogo ya sekunde mgeni mwingine akisoma atakuta faili tupu, tupu itageuka sifuri, naye ataandika 1 juu ya mia nne zako. Kufunga kufuli la flock baada ya kufungua kwa "w" hakusaidii, maana maji yameshamwagika. Hata bila kumwaga, wageni wawili wakisoma 41 kwa pamoja, wote wataandika 42 na mmoja atapotea.

Fungua kwa "c+", ambayo haifuti kitu, kisha funga kufuli kwanza na ufanye mengine yote ukiwa ndani:

$f = fopen($njia, "c+");
flock($f, LOCK_EX);
$n = (int) stream_get_contents($f);
rewind($f);
ftruncate($f, 0);
fwrite($f, (string) ($n + 1));
fclose($f);

Zingatia kwamba kufuli hili ni la makubaliano: linawazuia tu wale nao wanaoliomba, kwa hiyo skripti nyingine yoyote inayogusa faili hilo lazima nayo iite flock. Siku utakapotaka kuhesabu ratiba kumi na tarehe zake, achana na mafaili ya maandishi uhamie SQLite, hifadhidata ambayo nayo ni faili moja lakini inajua kupanga foleni. Usione aibu kuhusu kaunta, lakini. PHP yenyewe ilianza mwaka 1994 pale Rasmus Lerdorf alipotaka kujua ni nani wanaotembelea wasifu wake wa kazi mtandaoni.

Swali: Nimeandika skripti ya kutoa ripoti kila usiku kwa kutumia cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba. Nikiiendesha mwenyewe, ripoti.csv linaandikwa. Cron ikiiendesha, hakuna faili na hakuna kosa. (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Faili lipo, ila liko nyumbani. Umeandika "ripoti.csv" bila njia kamili, na jina la namna hiyo hutafutwa mahali aliposimama anayeendesha skripti. Wewe ulikuwa umesimama ndani ya folda ya mradi. Cron husimama kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji wake. Tazama huko na utazikuta data zako. Tumia __DIR__ mbele ya jina. Na kama cron hiyo ni ya root, yaani mtumiaji mkuu wa seva, ihamishe mapema kwa sudo crontab -u www-data -e, la sivyo faili litakuwa mali ya root na siku ukurasa wako utakapotaka kuliongezea mstari utaniandikia tena.

Swali: Skripti yangu inaandika kwenye /tmp/orodha.txt na inanirudishia baiti 512, kwa hiyo imefanikiwa. Lakini nikiingia kwenye seva kwa SSH na kufungua /tmp, faili halipo. Je, nimerogwa? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Hujarogwa, kuna /tmp mbili. Huduma ya Apache kwenye Ubuntu na Debian huwashwa na systemd, msimamizi wa huduma za seva, ikiwa na mpangilio wa PrivateTmp, ambao huipa /tmp yake ya faragha isiyoonekana na wengine. Kwa jicho la root utaiona ndani ya /tmp yenyewe, katika folda yenye jina refu linaloanza na systemd-private na lenye neno apache2 katikati, kisha ndani yake tena tmp. Huduma ikizimwa folda hiyo hufutwa pamoja na vilivyomo, kwa hiyo orodha unayotaka kuikuta kesho iandikie kwingine, na ukitaka mfano, tazama amri tatu nilizompa mwalimu wa Tanga hapo juu.