Barua kwa mwanangu: gitaa usiliuze

Mwanangu Baraka,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza, ukiacha bendi ukafungua mgahawa, watu hawatasema muziki umekushinda? Watasema. Sasa nikusimulie habari za Jimmy Dean, Mmarekani wa muziki wa kantri.

Alizaliwa Texas mwaka 1928, kwao hali ngumu, wenzake shuleni wakimcheka kwa nguo za kushonewa nyumbani. Piano alifundishwa na mama yake. Mwaka 1961 alikuwa kwenye ndege kwenda Nashville kurekodi, nyimbo anazo tatu na zinatakiwa nne. Akaandika "Big Bad John" humo humo angani: mchimba madini, pande la mtu, anashikilia mgodi unaoporomoka hadi wenzake watoke, yeye anabaki chini. Studioni mpiga piano, Floyd Cramer, akaacha piano yake akawa anagonga chuma kwa nyundo. Wimbo ukashika namba moja Marekani, ukampa na tuzo ya Grammy.

Baadaye akaigiza tajiri katika filamu ya James Bond ya 1971. Hiyo tuiache, mimi nilitaka kukufikisha kwenye nguruwe.

Alikuwa anafuga, bei ikaanguka. Mimi ya kwangu ilipoanguka, unakumbuka, wale sita niliwatoa kwa wauza kitimoto hata pesa ya pumba haikurudi, nikanuna mwezi mzima. Yeye na ndugu yake Don, mwaka 1969, wakaanza kutengeneza soseji kule kwao Plainview, Texas. Na matangazo ya televisheni akafanya mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kijijini watu waliyoizoea kwenye nyimbo. Ndiyo iliyouza. Kwa hiyo anayekwambia muziki ni miaka uliyopoteza, mwache aseme.

Kampuni aliiuza mwaka 1984. Miaka ikapita, wenye mali wakamwondoa kwenye matangazo, jina lake likabaki kwenye pakiti. Hapo, mwanangu, akija mtu na pesa anataka jina lako, nipigie kabla hujaweka sahihi.

Alifariki mwaka 2010, Virginia, akazikwa kwenye kaburi lenye umbo la piano. Kiwanda chote kile, na bado akachagua piano!

Fungua mgahawa. Gitaa litundike mahali wateja wanaliona, Ijumaa ulishushe. Mama yako anauliza supu itakuwa bei gani. Tutakuja, na tutalipa.

Baba yako