Kwaya na ngoma muhula mmoja: sauti za watoto zimekauka

Mwalimu, umesema watoto wako wa darasa la sita wako kwenye kwaya na ngoma za tamasha la muziki muhula huu wa pili, wiki tatu zimebaki, na nusu yao sauti zimekauka. Wasiimbe kabisa siku 2. Wazungumze polepole kwa sauti ya kawaida, lakini wasinong'one, maana kunong'ona kwa nguvu kunazikaza nyuzi za sauti zilizokwisha kuvimba. Wanywe maji kidogo kidogo kutwa nzima.

Kasoro iko kwenye ratiba. Ukianza na ngoma, kwaya inaimbwa huku wakihema, na anayehema hupiga kelele badala ya kuimba. Geuza: dakika 10 za kuvumisha "mmm" midomo imefungwa, dakika 30 za kwaya, wapumzike, kisha ngoma. Hatua mpya wajifunze kwa makofi, bila wimbo. Wachezee kwenye nyasi, tafadhali. Saruji huumiza miundi. Mkivuka mashindano ya kaunti bado kuna ya kanda na ya taifa, usiwamalize sasa. Ambaye sauti haitarudi baada ya wiki 2, aonwe na daktari wa koo.