Jibu: Alba Roballo, waziri wa kwanza mwanamke wa wapi hasa?

Salaam ndugu. Umekwama kwenye wasifu wa Alba Roballo, mwanasheria na mwanasiasa wa Uruguay: ukurasa mmoja unamtaja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri Amerika Kusini nzima, mwingine unasema Uruguay tu. Andika Uruguay. Anza kwa kukagua Chile: Adriana Olguín, naye mwanasheria, alishika Wizara ya Sheria huko mwaka 1952. Roballo aliteuliwa 1968. Mimi nikiona "wa kwanza" kwenye wasifu wowote huwa natazama nchi jirani kabla ya kuamini. Sifa hizi hunakiliwa tu.

Ila usiishie kwenye uteuzi, uzito uko kwenye kujiuzulu. Rais Jorge Pacheco Areco alimpa Wizara ya Utamaduni, na Juni mwaka uleule serikali ilipotangaza hatua za dharura dhidi ya migomo na maandamano, mama akaachia kiti. Wangapi wangethubutu? Kisha akakihama chama cha Colorado, akawa miongoni mwa waasisi wa Frente Amplio, muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto, 1971.

Kuzaliwa: 1908, mkoa wa Artigas, mpakani na Brazil. Na ongeza kwamba alikuwa mshairi pia, wengi wanaliruka hilo.