Dada wa Mifumo Anajibu: Ukumbi Umejaa, Mfumo Mtupu

Safari hii barua zote zimetoka kwa watu wa vyuoni, kuanzia Njiro, Arusha, hadi Majengo, Moshi. Majina ya vyuo nimeyaondoa, na maneno ya mwandishi mmoja juu ya mkuu wake wa idara nimeyapoza kidogo.

Dada, shikamoo. Niko kitengo cha TEHAMA katika chuo kimoja hapa Arusha. Kazi yangu ni kuwasaidia wahadhiri watumie Moodle, mfumo wa kozi za mtandaoni, katika kufundisha. Kila semista tunafanya semina ya siku mbili, ukumbi unajaa, chai ipo, picha zinapigwa. Mwezi ukipita naingia kwenye mfumo nakuta kozi ina jina na slaidi za mwaka juzi, basi. Uongozi unasema wahadhiri ni wakaidi. Wengi wao ni wazee wangu kwa umri, siwezi kuwafokea. Nifanyeje?
*Kijana wa TEHAMA, Njiro*

Marahaba mdogo wangu. Hilo neno "wakaidi" liondoe kwenye ripoti yako kabla halijazoeleka. Mhadhiri unayemsema ana darasa la wanafunzi mia tatu, ana rundo la karatasi za kusahihisha mezani, na akitaka kupanda cheo anaulizwa amechapisha makala ngapi. Hakuna anayemuuliza kozi yake ya mtandaoni ikoje. Halafu unamwita ukumbini siku mbili, unamwonyesha vitufe vya kozi ya mfano isiyo ya mtu yeyote. Anaandika nywila nyuma ya ratiba ya semina, anakunywa chai, anaondoka. Siku anapohitaji kweli kutoa jaribio, semista iko katikati, vitufe ameshavisahau, na ile ratiba nyumbani wameifungia maandazi.

Moodle yenyewe haina kosa hapa. Martin Dougiamas wa Australia alitoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2002, ni programu huria, chuo hakidaiwi leseni. Kinachokosekana ni kile walichokiandika Punya Mishra na Matthew Koehler wa Marekani mwaka 2006: kulijua somo, kujua kulifundisha na kuijua teknolojia lazima vikutane ndani ya mwalimu mmoja. Semina yako inatoa hicho cha tatu peke yake, tena kikiwa hakina somo ndani yake.

Mimi nilianzia kwenye chaki, nikifundisha kemia sekondari, kabla ya kuhamia kitengo cha ufundishaji mtandaoni hapa Moshi. Labda ndiyo maana siwaamini sana watu wanaoanza na kifaa. Ninachofanya ni kubisha hodi ofisini kwa mhadhiri mmoja nikiwa na daftari tu, kompyuta iko begini. Namuuliza: wanafunzi wako hukwama wapi kila mwaka? Hata aliyekuwa anaangalia saa hukaa vizuri kitini, kwa sababu swali hilo analo moyoni siku nyingi na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mhadhiri mmoja wa famasia alinijibu papo hapo: kukokotoa dozi. Mtoto ana kilo 12, dozi ya paracetamol ni miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo anahitaji miligramu 180. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Jibu ni mililita 7.5. Kila mwaka wapo wanaoandika 75, akasema, na wapo wanaoishia kwenye 180 wakadhani wamemaliza. Akiwapa zoezi la kwenda nalo bwenini, anakokotoa mmoja, wengine wote wananakili.

Ndipo nikatoa kompyuta. Moodle ina aina ya swali la kukokotoa ambamo uzito wa mtoto huuandiki kama namba. Unaacha nafasi yake, na mfumo unampa kila mwanafunzi mtoto wa kwake: huyu kilo 9, yule kilo 16. Kunakili kwa jirani hakusaidii tena, labda uombe akueleze njia, na hilo ndilo mhadhiri analolitafuta. Unaweza pia kuyawekea makosa yanayojulikana maelezo yake. Jibu likizidi mara kumi, mwanafunzi anaambiwa hapo hapo kwamba nukta imehama, arudie. Maelezo hayo aliyaandika mhadhiri mwenyewe, kwa maneno anayowaambia darasani, na mzaha wake ndani. Mimi nisingeyaweza, sijawahi kusahihisha mtihani wa famasia hata mmoja. Zoezi lilipokwisha, mfumo ulimwonyesha kila swali limepatwa na asilimia ngapi ya darasa, naye akajua mhadhara unaofuata aanzie wapi.

Sasa angalia jambo ambalo vijana wa TEHAMA mnalikosea, nanyi mna nia njema. Mhadhiri akisita kidogo, mkono wako umeshafika kwenye kipanya chake, tik tik tik, "tayari mzee." Tayari kwako. Kwake ulikuwa mwujiza, na mwujiza haujifunzwi. Kipanya kiwe mkononi mwa mwenye kozi mwanzo hadi mwisho, hata akichukua robo saa kutafuta mahali pa kubonyeza. Wewe elekeza kwa mdomo. Na kwa hao wazee: mwende ofisini, mlango umefungwa, baada ya shikamoo na habari za nyumbani. Usimrekebishe mzee mbele ya wanafunzi wake au mbele ya wahadhiri vijana. Akiaibika mara moja humpati tena.

Wengi watakuambia wana maswali yao kwenye Word, hawana muda wa kuyaandika upya. Wana haki. Maswali ya kuchagua unaweza kuyaingiza yote kwa mara moja kwa muundo uitwao Aiken: swali mstari mmoja, majibu chini yake yakianza na A, B, C, D, kisha mstari wenye ANSWER: na herufi ya jibu sahihi, faili likihifadhiwa kama maandishi matupu. Mwonyeshe mhadhiri maswali yake ya miaka yote yakimwagika kwenye benki ya maswali, uangalie uso wake.

Rudi kwake wiki ile wanafunzi wanapofanya zoezi, maana hapo ndipo nywila zinagoma na simu zinagoma. Na likienda vizuri, mwombe yeye alionyeshe idarani kwa dakika kumi, wewe ukae nyuma kabisa.

Kwa uongozi pigania jambo moja: saa za mhadhiri kuandaa kozi mtandaoni zihesabiwe kwenye mzigo wake wa kazi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilitoa mwongozo wa ufundishaji wa mtandaoni na mseto mwaka 2022, kwa hiyo huwezi kuambiwa ni hiari ya vijana wa kompyuta. Mkuu akikataa, endelea kubisha hodi mlango mmoja mmoja. Ni polepole, najua.

Binti yangu, nimefundisha sheria ya ardhi kwa zaidi ya miaka 30. Juzi projekta iligoma, wanafunzi wakacheka, kijana mmoja akaja kuniwashia kama anamsaidia mtoto. Nakaribia kustaafu. Kuna haja gani ya kujifunza haya sasa?
*Mhadhiri mwandamizi, Shanty Town, Moshi*

Shikamoo Mzee. Projekta iache. Nasema kweli. Mtu anayeweza kulieleza shauri la ardhi kwa chaki na sauti, darasa likanyamaza, hana sababu ya kusoma slaidi ukutani.

Nina mambo mawili ya kukuomba. La kwanza halitaki hata umeme. Profesa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kusimamisha mhadhara na kuuliza swali la kuchagua. Kila mwanafunzi hujibu peke yake, kisha hubishana na aliye jirani, kisha hujibu tena. Wengi huhesabu kura kwa vifaa vya elektroniki au simu, lakini kadi za manila zenye A, B, C na D zinafanya kazi ile ile. Waulize hivi: baba amefariki bila wosia, kihamba, yaani shamba la ukoo, wamebaki nacho ndugu watatu, mmoja amemuuzia mtu wa nje kipande bila wenzake kujua. Mauzo yanasimama? Wape majibu manne yanayofanana na ukweli, kisha uwaache. Nusu ya darasa hilo wana kesi ya namna hiyo kwao, hutasikia mtu anacheka projekta.

La pili ni simu yako. Baada ya mhadhara, jirekodi sauti ukieleza lile lililowachanganya, usizidi dakika 10, kisha itume kwa kiongozi wa darasa au iwekwe kwenye mfumo. Ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, sauti ya mtu inakula takribani kilobaiti 240 kwa dakika. Dakika zote 10 hazifiki megabaiti 2.5, bando la mwanafunzi halitikisiki. Na Mzee, rekodi hizo zitabaki hata ukishastaafu. Kuna kijana atakabidhiwa kozi yako, na hana miaka 30 ya kesi kichwani.

Dada wa Mifumo, mimi huweka matokeo ya majaribio, majina na namba za usajili, kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Ni haraka na kila mtu anaona. Mwenzangu anasema ni kosa. Anatania?
*Mhadhiri, Majengo, Moshi*

Hatanii. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na maksi za mtu zikiwa na jina lake ni taarifa zake. Weka kwenye mfumo, kila mmoja aone zake. Kundi libaki la matangazo: chumba kimebadilika, mhadhara umehamia saa nane.

Nilirekodi mhadhara wangu wote wa saa moja na nusu, faili likafika zaidi ya gigabaiti moja. Nimeupakia kwa usiku mzima. Wanafunzi walioufungua ni wachache na hawakufika hata nusu. Vijana wa siku hizi wavivu!
*Mwalimu, Usa River*

Wavivu au wamehesabu bando? Gigabaiti moja kwa mhadhara mmoja, na wana kozi nyingine tano.

Lakini hata bando lingekuwa bure usingewapata. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakakuta video fupi, zisizozidi dakika 6, ndizo zinazotazamwa vizuri. Mhadhara wako ukatekate kwa hoja, kila kipande na hoja yake moja, jina la kipande liseme kilichomo. Vile vipande ambavyo ulikuwa unaita mahudhurio na kumtafuta mwenye chaki, vitupe. Kisha pitisha kila kimoja kwenye HandBrake, ni programu ya bure, uchague ukubwa wa picha wa 360p. Kwa slaidi na sauti panatosha kabisa, na faili linashuka sana. Wanafunzi wenye programu ya Moodle kwenye simu wanaweza kupakua wakiwa kwenye Wi-Fi ya chuo na kutazama baadaye bila intaneti. Waambie hivyo darasani, wengi hawajui.

Nafundisha utalii Arusha. Kazi za nyumbani siku hizi zote zinafanana, Kiingereza kimenyooka kuliko changu, najua ni ChatGPT. Nilitaka kununua programu ya kugundua. (Nakiri hata mimi natumia akili mnemba kuandaa slaidi.) Ipi ni nzuri?
*Mhadhiri, Sakina*

Hakuna, okoa fedha yako. OpenAI, wenye ChatGPT wenyewe, walitoa kigunduzi chao Januari 2023 wakakiondoa Julai mwaka huo huo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vigunduzi 7 kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao. Zote ziliandikwa na binadamu, lakini kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine. Sasa fikiria nani atasimamishwa mbele ya kamati ya nidhamu hapo kwenu: binti wa Karatu aliyeandika mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha shule ya kata. Aliyenakili kwa ujanja atapita.

Tazama swali lako kwanza. "Jadili mchango wa utalii katika uchumi wa Tanzania" ni swali ambalo mashine inalijibu kabla hujamaliza kulisoma. Watume mjini. Waende kwenye maduka ya vinyago wawaulize wauzaji watatu bei inapangwaje kwa mgeni wa kikundi na kwa mgeni aliyekuja peke yake, dereva anayemleta mgeni anapata nini, mauzo yakoje msimu wa mvua. Wapige picha kurasa za madaftari yao ya maelezo wazipakie pamoja na kazi. Ukishasoma, chagua majina machache kwa bahati nasibu, kila mmoja akueleze kazi yake kwa dakika mbili. Wakijua tu kwamba jina lolote laweza kutoka, uandishi unabadilika.

Na mashine nayo iingize darasani mchana kweupe. Iandike maelezo ya siku moja ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, uyaonyeshe ukutani, wanafunzi wayapekue: kipi kweli, kipi si kweli, kipi hakisemi kitu. Hapo wale waliokwishafanya kazi na makampuni ya safari watakuwa walimu wako.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kazi waandike wametumia akili mnemba wapi na kwa lipi. Kuwakataza kabisa sikushauri. Watatumia kimya kimya, na siku watakayojua slaidi zako zinatoka wapi utawajibu nini?